Udaktari: Zao la miaka sita, mnunuzi mkubwa mmoja

Kila ifikapo Oktoba, mambo mawili hukutana katika kaya nyingi za wakulima nchini. Kahawa ya Kilimanjaro inakuwa bado inachumwa, korosho za Mtwara na Lindi zinaanza kufika maghalani, na mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yako ndani yakisubiri bei ipande. Wakati huohuo vyuo vikuu vinajiandaa kufungua mwaka wa masomo, na kijana aliyepata nafasi ya kusomea shahada ya udaktari wa binadamu anatakiwa kuripoti chuoni akiwa na stakabadhi ya malipo mkononi.

Nafasi hiyo haipatikani kirahisi. Anayeipata kwa kawaida ametoka mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, tena kwa ufaulu wa juu, na vijijini mara nyingi ndiye wa kwanza katika ukoo kufika hapo. Majirani wanakuja kupongeza, mbuzi anachinjwa, mjomba wa mjini anaahidi kompyuta. Kinachokosekana katika sherehe hiyo ni hesabu. Mkulima ambaye hawezi kupanda mibuni 500 bila kuuliza itazaa lini na nani atanunua, anaingia katika uwekezaji mkubwa kuliko wowote aliowahi kuufanya bila kuuliza maswali hayo mawili.

Jibu la swali la kwanza linajulikana. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, na baada yake upo mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla mhitimu hajasajiliwa kama daktari kamili. Jumla ni miaka sita. Mibuni aina ya Arabika iliyotunzwa vizuri huanza kutoa mavuno ya kwanza ya maana mwaka wa tatu au wa nne. Kwa maneno mengine, mkulima anaweza kupanda shamba jipya siku mwanawe anapoingia chuo, akalivuna mara mbili au tatu, na kijana akawa bado hajapokea mshahara wa kwanza wa daktari.

Swali la gharama ni gumu zaidi kwa sababu ada ni sehemu tu ya gharama hiyo. Ada ya chuo binafsi huwa mara kadhaa ya ile ya chuo cha umma. Juu yake kuna bima, chumba, chakula, vitabu, koti jeupe, kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo, na nauli za kwenda na kurudi katika hospitali za mafunzo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, imekuwa ikiziweka kozi za afya katika kundi la kipaumbele, na fedha za kujikimu ambazo wanafunzi huziita "bumu" zilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Hata hivyo si kila anayeomba hupata, na anayepata si lazima apate kwa asilimia mia.

Chukua mfano wa kaya ambayo, baada ya mkopo, inabakiwa na Sh2 milioni za kulipa kila mwaka. Kama kilo ya kahawa kavu inamlipa mkulima Sh5,000, deni hilo ni kilo 400. Mkulima anayepata nusu kilo kwa mbuni mmoja anahitaji mibuni 800. Kwa nafasi ya futi tisa kwa tisa, ekari moja inachukua mibuni isiyozidi 540, kwa hiyo ada hiyo inameza mavuno yote ya ekari moja na nusu. Wanaokijua kihamba cha mlimani wanajua kwamba ekari moja na nusu ya kahawa tupu ni anasa. Kihamba kina migomba, mabanda ya ng'ombe, na makaburi ya wazee, na kahawa inapenya katikati.

Kwa mkulima wa mahindi wa Mbozi au Njombe hesabu inabadilika kulingana na mwezi. Gunia la kilo 100 likiuzwa Sh60,000 wakati wa mavuno, Sh2 milioni ni magunia 34. Likisubiri hadi Januari au Februari likauzwa Sh90,000, ni magunia 23. Tofauti ni magunia 11, ambayo kwa kaya ya watu sita ni chakula cha miezi mingi. Lakini chuo hakisubiri Februari. Mzazi anauza mapema si kwa sababu hajui kuwa bei itapanda, bali kwa sababu tarehe ya usajili imefika.

Hapa ndipo wanaponufaika watu ambao hawaonekani katika mjadala wowote wa elimu ya juu. Kagera wanaijua biashara ya butura, ambapo mnunuzi analipa leo kahawa ambayo bado iko mtini, kwa bei ambayo mwenye shamba akiikumbuka wakati wa kuchuma anauma meno. Kusini wanaijua kangomba, korosho zinazopimwa kwa bakuli kabla ya mnada kufunguliwa. Serikali imepiga marufuku biashara zote mbili mara nyingi, na viongozi wa mikoa wamewakamata wafanyabiashara hadharani. Biashara haikufa, kwa kuwa kinachoileta ni haja ya fedha taslimu katika mwezi maalumu, na ada ya chuo ni miongoni mwa haja hizo.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho mwaka 2007, ulimpandishia mkulima bei, lakini ulimwongezea siku za kusubiri malipo. Msimu wa 2018 ulionyesha hatari yake. Wanunuzi walipogoma kupandisha bei, serikali iliamua Novemba mwaka huo kuzinunua korosho zenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakaenda kwa uhakiki, na kwa wakulima wengi yakaingia mwaka 2019. Mzazi wa Tandahimba aliyepanga korosho zilipe ada ya muhula wa kwanza alikuwa na mali ghalani na deni chuoni kwa wakati mmoja.

Kuna pia suala la bei ya dunia, ambalo katika kozi ya miaka mitatu linaweza kupuuzwa lakini katika kozi ya miaka sita haliwezi. Mwaka 2001 bei ya Arabika katika soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na baadhi ya wakulima wa Kilimanjaro wakang'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Februari 2025 bei hiyo hiyo ilipita dola nne, rekodi ambayo haikuwahi kuonekana. Kijana aliyeingia chuo cha tiba kwa kahawa ya 2001 na yule aliyeingia kwa kahawa ya 2024 wamesoma kozi moja, lakini wazazi wao walikuwa katika biashara mbili tofauti kabisa. Na yule wa pili asijidanganye kwamba bei ya mwaka wake wa kwanza ndiyo itakayokuwepo mwaka wake wa tano.

Mzigo huu haukuwa wa kaya tangu mwanzo. Mwaka 1961, kwa hesabu aliyokuwa akiitaja Mwalimu Nyerere, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianza 1963, ikaingia chini ya chuo kikuu mwaka 1968, ikawa chuo kikuu kishiriki cha Muhimbili 1991 na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kwa miongo ya mwanzo serikali ilimlipia mwanafunzi kila kitu na ikamwajiri siku alipomaliza. Mtoto wa mkulima aliyechaguliwa aliondoka nyumbani na sanduku tu. Fedha za kumsomesha zilitoka shambani vilevile, kupitia mamlaka za mazao zilizomlipa mkulima sehemu ndogo ya bei ya nje, lakini angalau zilitoka kwa wakulima wote kwa pamoja, na hasara ya mmoja haikumfukarisha mmoja.

Miaka ya mwanzo ya 1990 mambo mawili yalibadilika karibu kwa pamoja. Uchangiaji wa gharama uliingia vyuoni, na chini ya mageuzi ya utumishi wa umma ajira ya moja kwa moja kwa wahitimu ikasitishwa. Vyuo vya tiba vikaongezeka: Hubert Kairuki na chuo cha KCMC mjini Moshi mwaka 1997, Bugando mwaka 2003, kisha Dodoma na vingine. Idadi ya madaktari wanaohitimu kila mwaka imepanda kwa kiwango ambacho wazee wa Muhimbili wa miaka ya sabini wasingekiamini. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba kila aliyepanua shamba alidhani mwingine anashughulikia soko.

Na soko la daktari lina tabia ambayo wakulima wa umri wa miaka hamsini na kuendelea wanaikumbuka vizuri. Lina mnunuzi mkubwa mmoja. Zipo hospitali za mashirika ya dini na zipo za binafsi mijini, lakini nyingi za dini hutegemea serikali kulipa sehemu ya mishahara, na za binafsi hukaa pale wenye bima na fedha walipo. Nje ya miji, mnunuzi ni serikali, na msimu wa kununua hufunguliwa kwa kibali cha ajira. Kibali kisipotoka, mazao yanabaki kwa mkulima, kama yalivyobaki miaka ya themanini wakati chama kilipokosa fedha za ununuzi.

Juni 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Machi 2017, madaktari wa Kenya walipomaliza mgomo wa siku 100, Rais Magufuli alikubali ombi la kupeleka huko madaktari 500 wa Tanzania. Kesi iliyofunguliwa na madaktari wa Kenya ikazuia mpango huo, na Aprili Rais akaagiza waombaji 258 waliokuwa na sifa waajiriwe hapa nchini mara moja. Wengi walilipokea jambo hilo kama habari ya diplomasia. Kwa mchumi lilikuwa ni taarifa ya ghala. Nchi ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2006 katika orodha ya nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ilikuwa na mamia ya madaktari waliohitimu wakiwa nyumbani, tayari kuvuka mpaka.

Takwimu za miaka ya karibuni zinaendeleza picha hiyo. Mwaka 2022 serikali ilitangaza nafasi 7,612 za kada za afya, na waombaji wakazidi 42,000, yaani zaidi ya watano kwa kila nafasi. Mwaka 2023 zikatangazwa nafasi 8,070. Ni kweli waombaji hao si madaktari peke yao. Wamo wauguzi, matabibu, wafamasia na wataalamu wa maabara. Lakini wote wametoka katika kaya zilizolipa.

Mwananchi wa kawaida anauliza: inawezekanaje zahanati ya kijiji haina mtaalamu na mtaalamu hana kazi? Jibu ni kwamba haja ya tiba na uwezo wa kuilipia ni vitu viwili. Kijiji kinamhitaji daktari kila siku, lakini mkulima mwenye fedha mara moja kwa mwaka hawezi kumlipa kila mwezi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa 2023, inalenga kuziba pengo hilo, na mafanikio yake vijijini yatategemea sana kama michango itaweza kukusanywa wakati wa mauzo ya mazao badala ya kila mwezi kama kwa mwenye mshahara.

Upande wa serikali kuna mtego mwingine, wa majengo. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, hadi vituo vilivyojengwa kwa tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, fedha za kujenga zimepatikana kwa urahisi kuliko fedha za kuajiri. Jengo hulipiwa mara moja na huzinduliwa kwa utepe. Daktari hulipwa kila mwezi kwa miaka thelathini na kuzidi, na hakuna anayekata utepe mwisho wa mwezi.

Mwaka 2025 mnunuzi wa pili naye aliyumba. Kwa zaidi ya miaka ishirini miradi ya Ukimwi, kifua kikuu na malaria iliyofadhiliwa na Marekani iliwachukua wahitimu wengi ambao serikali haikuwachukua, tena kwa mishahara mizuri. Januari mwaka huo Marekani ilisimamisha misaada yake, na ilipofika Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Watumishi wa mikataba walirudi sokoni wakiwa na uzoefu wa miaka, kushindana na mhitimu aliyetoka utarajalini jana.

Ni vyema kueleza kwamba anayeajiriwa hafaidi mshahara wote. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika wa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa mshahara wa Sh1.5 milioni hizo ni Sh225,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10, na wanufaika wengi waliona deni likianza kupungua badala ya kuongezeka. Lakini mkopo wa bodi ni ule unaoandikwa. Kuna mkopo mwingine usioandikwa: wadogo wawili waliosubiri, ng'ombe wa maziwa aliyeuzwa mwaka wa tatu, robo ekari iliyokwenda kwa jirani. Daktari kijana huulipa huo kwa simu za kila wiki kutoka nyumbani, na hakuna aliyewahi kumtangazia kuwa umekwisha. Mara nyingi ni dada yake ndiye aliyebaki nyumbani ili yeye aende, na katika hesabu za ukoo jina la dada huyo halitajwi. Kufutwa kwa ada ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, kumepunguza mzigo huo kwa kaya zinazoanza sasa.

Je, kijana wa mkulima aache udaktari? Hapana, lakini kaya ingefaa kuilinganisha kozi hiyo na nyingine za jirani kabla ya kujaza fomu, kama inavyolinganisha mbegu. Famasia ni miaka minne pamoja na utarajali, na sheria inataka kila famasi iwe na mfamasia msimamizi, hivyo kuna soko ambalo si la serikali peke yake. Uuguzi wa shahada nao ni miaka minne. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu na hugharimu kidogo zaidi, na matabibu ndio wanaobeba sehemu kubwa ya tiba vijijini. Ajabu ni kwamba hata watoto wa wafugaji huipita tiba ya mifugo pale Sokoine, Morogoro, ambayo ni miaka mitano kama udaktari wa binadamu, wakati mteja wake ni baba yao mwenyewe, na daktari wa mifugo anaweza kuanza na duka la pembejeo na pikipiki.

Kwa upande wa sera, jambo la bei nafuu kuliko yote ni kalenda. Kama kaya ingejua kiwango cha mkopo wa mtoto mwezi Julai badala ya kukisubiri hadi chuo kinakaribia kufunguliwa, kisha rufaa baada ya hapo, ingejua inatakiwa kuuza magunia mangapi na ingeweza kuacha mengine yasubiri bei. Vyama vya msingi navyo vingeweza kukopesha ada dhidi ya kahawa au korosho zilizokwishapimwa ghalani, kwa riba ya kawaida, na kumnyang'anya mtu wa butura mteja wake bora.

Jambo la pili linahusu halmashauri. Tangu 2017 ushuru wa mazao ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula. Katika wilaya ambako kahawa ya Sh20 bilioni inauzwa kwa msimu, ushuru huo ni Sh600 milioni. Daktari anayegharimu Sh2 milioni kwa mwezi pamoja na michango ya mwajiri ni Sh24 milioni kwa mwaka, na madaktari watano ni Sh120 milioni, moja ya tano ya ushuru wa zao moja. Zipo halmashauri zilizowahi kuajiri watumishi wa afya kwa mikataba kutokana na mapato ya ndani. Ni kweli ushuru huo una wadai wengi, kuanzia posho za vikao hadi asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na bei ya kahawa ikianguka ushuru huanguka nayo. Mkataba wa miaka miwili unaweza kustahimili hilo. Ajira ya kudumu haiwezi, na halmashauri isiahidi ajira ya kudumu kwa fedha za msimu.

Mzazi wa Muleba ambaye mwanawe anaingia mwaka wa pili Oktoba hii bado ana misimu mitano ya kahawa mbele yake kabla kijana hajasajiliwa, minne ya masomo na mmoja wa utarajali. Msimu wa kwanza umekwisha kulipwa. Anachoweza kukiamua sasa ni mibuni mingapi aikate na kuichipuza upya mwaka huu ili izae vizuri mwaka wa nne, na mingapi aiache izae leo kwa ajili ya ada iliyo mezani.